Malale: ugonjwa wa mbugani unaoweza kudhaniwa kuwa malaria

Homa ikimshika mtu siku chache baada ya kurejea kutoka Serengeti, Maasai Mara au Queen Elizabeth, jambo la kwanza linalotajwa ni malaria. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi, na malaria haina budi kupimwa siku hiyo hiyo. Hatari huanza pale kipimo kinapoonyesha kuwa hakuna malaria, mgonjwa akapewa dawa ya kutuliza homa na kurudishwa nyumbani, ilhali damuni mwake mna kimelea cha malale.

Ugonjwa huu sasa ni nadra. Tangu mwaka 2018, wagonjwa wanaoripotiwa kwa Shirika la Afya Duniani, WHO, kutoka Afrika nzima ni pungufu ya 1,000 kwa mwaka. Hata hivyo, aina inayopatikana Afrika Mashariki huenda kwa kasi: isipotibiwa, kwa kawaida humuua mgonjwa ndani ya miezi sita. Unadra wake ndio unaowafanya wahudumu wa afya wengi wasiufikirie.

Aina mbili, mdudu mmoja

Malale huenezwa na mbung'o, nzi anayeuma mchana na ambaye baadhi ya Watanzania humwita ndorobo. Vimelea vyake ni vya aina mbili. Aina ya gambiense hupatikana Afrika Magharibi na ya Kati, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huweza kukaa mwilini kwa miaka kabla ya kumlemea mtu. Aina ya rhodesiense ni ya mashariki na kusini mwa bara: Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili.

Aina hii ya pili ilitambuliwa kutokana na msafiri. Mwaka 1910, wataalamu wawili wa Liverpool, Stephens na Fantham, waliieleza kwa mara ya kwanza baada ya kuchunguza damu ya mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, lililoko katika Zambia ya leo. Jina rhodesiense linatokana na jina la kikoloni la nchi hiyo.

Rhodesiense huishi ndani ya wanyama, hasa wanyamapori kama pongo na nyati, pamoja na ng'ombe. Kwa sababu hiyo, mbuga inaweza kukaa miaka mingi bila mgonjwa hata mmoja na bado kimelea kikawemo. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliugua baada ya kuzuru Serengeti na Tarangire, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Maasai Mara nchini Kenya, ambako Mjerumani mmoja na Mbelgiji mmoja waliambukizwa.

WHO ilithibitisha kuwa Rwanda imeondoa malale kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2022, na Kenya ikafuata mwaka 2025. Maana ya uthibitisho huo ni kwamba wagonjwa wamekuwa wachache mno na ufuatiliaji unaendelea. Hauna maana kwamba mbung'o wametoweka katika Akagera au Mara.

Dalili

Kwa kawaida dalili za rhodesiense hujitokeza ndani ya wiki tatu baada ya kuumwa. Mahali pa jeraha panaweza kuvimba, pakawa pekundu na penye maumivu, kisha pakageuka kidonda. Malaria haina alama hiyo, hivyo mgonjwa asisahau kumwonyesha daktari. Baadaye huja homa kali inayopanda na kushuka, maumivu ya kichwa na ya viungo, uchovu na tezi kuvimba. Kimelea kikifika kwenye ubongo, mgonjwa huchanganyikiwa, hubadilika tabia, husinzia mchana na kukosa usingizi usiku.

Kipimo na dawa

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu juu ya kijiti cha plastiki, hakiwezi kuonyesha malale. Kinachohitajika ni damu kutazamwa kwa hadubini na mtaalamu aliyeelezwa anachokitafuta. Katika rhodesiense, vimelea mara nyingi huwa wengi damuni na huonekana. Vikionekana, huenda maji ya uti wa mgongo yakapimwa pia ili kujua kama ubongo umefikiwa.

Kwa miongo mingi, hatua ya kwanza ilitibiwa kwa sindano za suramin, na hatua ya pili kwa melarsoprol, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliwaua baadhi ya wagonjwa. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuunga mkono matumizi ya fexinidazole dhidi ya rhodesiense, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. WHO iliiingiza katika mwongozo wake mwaka 2024. Hivi ni vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10. Dawa za malale hutolewa bila malipo kupitia WHO.

Mtalii akiugua akiwa Brussels au Berlin, huwa habari. Lakini walio karibu zaidi na mbung'o ni madereva wa magari ya watalii, waongoza wageni, askari wa wanyamapori, wafugaji na warina asali. Hao huenda zahanati ya jirani, na pengine kifaa pekee walichonacho hapo ni kile kipimo cha haraka.

Kujikinga

Hakuna chanjo ya malale, na vidonge vya kuzuia malaria haviukingi. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi pamoja na chombo kinachotembea, na huweza kuuma kupitia nguo nyepesi. Vaa nguo nzito kiasi, za mikono mirefu, zenye rangi ya kaki au ya udongo. Kagua gari kabla ya kupanda. Vitambaa vya buluu na vyeusi vinavyoning'inia kandokando ya njia mbugani ni mitego iliyotiwa dawa ya kuua wadudu. Usivisogelee wala kuviondoa.

Ukiugua safarini

Mwenye homa asisubiri safari iishe. Mwarifu kiongozi wa msafara mapema, kwa kuwa kutoka katikati ya mbuga hadi hospitali yenye maabara huweza kuchukua saa nyingi kwa gari. Huduma ya madaktari wa ndege ya Amref, iliyoanzishwa mwaka 1957 na yenye makao katika uwanja wa Wilson, Nairobi, huwachukua wagonjwa mbugani kwa ndege, lakini gharama ya usafiri huo ni kubwa kwa asiye na bima. Raia wa Rwanda huweza kuingia Kenya na Uganda kwa kitambulisho tu, na wepesi huo huwafanya wengi wasahau kwamba mutuelle imekusudiwa vituo vya afya vya ndani ya nchi. Kabla ya kuondoka, tafuta bima ya safari inayotaja waziwazi usafiri wa dharura kwa ndege.

Ukisharudi nyumbani, homa yoyote katika miezi mitatu ya kwanza ipelekwe kituo cha afya. Usiseme tu kwamba una homa. Taja mbuga uliyoizuru, tarehe ulizokuwa huko, na kama uliumwa na nzi mchana. Kipimo cha malaria kikionyesha kuwa huna na homa ikaendelea, omba damu yako itazamwe kwa hadubini. Mgonjwa aliyezidiwa aitiwe gari la wagonjwa kwa namba 912, ambayo haina malipo nchini Rwanda.