ASILIMIA 10 YA HALMASHAURI: Hela za vijana zinatoka wapi na kijana wa Mabatini anazipataje?

Hapa kijiweni kwetu Mabatini, karibu na daraja la mto Mirongo, kuna swali haliishi. Kila mtu akichoka kuongelea Simba na Yanga anauliza: "Hivi zile hela za vijana za Jiji zipo kweli, au ni za kwenye redio tu?" Mmoja atasema zipo ila ni za watoto wa wakubwa. Mwingine atasema ni za chama. Wa tatu atasema ni za bure, ukizipata kula, serikali haiwezi kukufuata.

Jamani, wote watatu wanakosea. Mimi ni form four leaver tu, si afisa wala mwanasheria, ila nimeshakuwa kwenye kikundi kilichoomba hizo hela na najua tulivyokwama. Nimeamua kuandika yote niliyonayo sehemu moja ili mtu akiuliza tena tumwonyeshe hapa.

HELA YENYEWE NI YA NANI?

Halmashauri zina hela za aina mbili. Kuna zinazotoka serikali kuu, za mishahara, miradi na kadhalika. Halafu kuna mapato ya ndani, yaani zile inazokusanya yenyewe: leseni za biashara, ushuru wa masoko, ushuru wa huduma unaolipwa na makampuni, hela za stendi kama ya Nyegezi, vibanda na mabango. Mama yako akilipa ushuru wa meza ya nyanya sokoni, hayo ndo mapato ya ndani.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ilirekebishwa mwaka 2018 kikaongezwa kifungu cha 37A. Kinasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, bila riba. Mgao ni huu:

- Wanawake asilimia 4
- Vijana asilimia 4
- Watu wenye ulemavu asilimia 2

Mapato yenye matumizi maalum, kama yale ya kuchangia huduma hospitalini, hayaingizwi kwenye hiyo hesabu.

Tufanye hesabu ya kijiweni. Halmashauri ikikusanya bilioni 1, milioni 100 inakwenda kwenye mikopo. Vijana wanapata milioni 40. Ukizigawa kwa vikundi vya milioni 5, ni vikundi vinane tu vimekwisha! Kwa hiyo hela zipo, ila si mlima kama tunavyodhani. Na kwa sababu inatokana na ushuru, ni hela ya yule mama wa nyanya. Si zawadi ya diwani wala ya mbunge, hata kama yeye ndo anapiga picha na ile hundi kubwa ya mfano.

ILIKOTOKA

Jambo lenyewe halikuanza 2018. Tangu miaka ya 1990 kuna mifuko ya wanawake na vijana, na halmashauri zilikuwa zinaagizwa kutenga asilimia 5 kwa wanawake na 5 kwa vijana. Lakini lilikuwa agizo tu. Mkurugenzi akibanwa na matumizi mengine, hela za vijana ndo zilikuwa za kwanza kupunguzwa. Marekebisho ya 2018 yakalifanya kuwa sheria, yakawaingiza watu wenye ulemavu, na riba ikaondolewa. Mwaka 2019 zikatoka kanuni zake. Kanuni hizo zilitaka kikundi cha vijana kiwe na watu 10 au zaidi. Baadaye idadi ikashushwa hadi watano.

KILICHOTUKUTA 2023

Hapa naongelea yaliyonipata mwenyewe. Mwaka 2022 tulikuwa vijana sita, tunachomelea mageti na madirisha. Mashine ya kuchomelea tulikuwa tunakodi kwa siku, na ukikodi kwa siku, siku umeme ukikatika umefanyia kazi mwenye mashine. Tukaandika katiba, tukasajili kikundi, tukafungua akaunti. Mwezi wa pili 2023 tukapeleka andiko. Tukakaa tunasubiri.

Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza bungeni kwamba mikopo hiyo inasimama ili utafutwe utaratibu mpya. Sababu ilikuwa ripoti ya CAG: mabilioni ya shilingi yalikopeshwa na hayajarudi, na baadhi ya vikundi vilivyokopeshwa havikuwepo kabisa. Ni majina kwenye karatasi tu. Watu walikula, na sisi ambao hatujapata hata shilingi tukafungiwa mlango pamoja nao.

Ikapita zaidi ya mwaka. Mwenzetu mmoja akaenda Geita kwenye machimbo. Mwingine akaoa, akahamia kwa wakwe Sengerema. Katibu akapata kibarua Dar, muhuri wa kikundi akabaki nao! Mikopo ilipofunguliwa tena tulikuwa watatu, na watatu si kikundi. Hakuna aliyetudhulumu hapo. Tulikuwa tumejenga kikundi kwa ajili ya mkopo, mkopo ulipopotea na kikundi kikapotea. Hilo ndo somo langu la kwanza na ntalirudia huko chini.

ILIVYORUDI 2024

Aprili 2024 Mohamed Mchengerwa, aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI, alitangaza mikopo inarudi, kuanzia Julai 2024. Hela zilizokuwepo kwa nchi nzima zilikuwa shilingi bilioni 227.96. Mchanganuo wake ni muhimu sana, usiuruke:

- Bilioni 63.67 ni marejesho ya mikopo ya nyuma
- Bilioni 63.24 ni zilizotengwa 2023/24 wakati mikopo imesimama
- Bilioni 101.05 ni za bajeti ya 2024/25

Umeona hiyo ya kwanza? Zaidi ya robo ya hela yote ilitokana na vikundi vilivyolipa madeni. Kwa hiyo yule wa kijiweni anayesema "ukipata kula" anakula kikundi kinachofuata, ambacho labda ni cha mdogo wake.

Halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu kutoa mikopo kwa kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na halmashauri za wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Jiji la Mwanza halikuwemo. Lilibaki na zile 174 zinazotoa kupitia halmashauri yenyewe, ila kwa uhakiki mkali zaidi.

Mwaka huo huo umri wa kijana kwenye mikopo hii uliongezwa kutoka 35 hadi 45. Wengi walishangilia. Mimi nina mashaka kidogo. Kaka wa miaka 44 mwenye fremu na wateja tayari anashindana na dogo wa miaka 20 aliyetoka shule juzi, na kapu ni lile lile la asilimia 4. Nani atashinda?

UNAOMBA WAPI?

Hapa watu wa Mwanza wanapotea sana. Mkoani kwetu mjini kuna halmashauri mbili. Jiji la Mwanza ni Wilaya ya Nyamagana, ndo sisi Mabatini, Mbugani, Pamba, Igogo, Mkuyuni, Igoma n.k. Ilemela ilipata manispaa yake mwaka 2012, na Kirumba iko huko. Sasa vijana wengi wa Mabatini wanafanyia biashara ya dagaa na sato Mwaloni Kirumba. Kabla ya kuandika chochote, kubalianeni kikundi kinasajiliwa upande gani, na wanachama wawe wakazi wa huko. Kikundi chenye mguu mmoja Nyamagana na mwingine Ilemela kitazungushwa mpaka viatu viishe.

HATUA ZENYEWE

1. Tafuteni watu watano au zaidi, miaka 18 na kuendelea, Watanzania, wasio na ajira rasmi. Kila mmoja awe na namba ya NIDA. Mmoja asipokuwa nayo mnakwama wote.
2. Andikeni katiba na muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, na mchague viongozi.
3. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Huyu ndo mtu wenu. Kazi yake ni kusajili vikundi na kuvielekeza, na huhitaji "kumtoa" chochote.
4. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti.
5. Andikeni andiko la mradi mmoja mnaoujua. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandao unaoitwa Wezesha Portal. Kama hamna kompyuta, afisa wa kata ataelekeza.
6. Maombi yanapita kata, halmashauri na wilaya kuhakikiwa. Watakuja kuwaona kazini, hivyo kazi iwepo.
7. Mkikubaliwa mnapewa mafunzo na kusaini mkataba. Someni tarehe ya kuanza marejesho kabla hamjasaini.

NJIA NYINGINE ZA HALMASHAURI

Mkopo siyo msaada pekee. Sheria ya manunuzi ya umma inataka taasisi za serikali, halmashauri zikiwemo, zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum, vijana wakiwemo. Kwa mfano madawati, usafi, ushonaji wa sare, au mageti ya shule, kazi ambayo sisi tungeiweza kabisa. Kikundi kinatakiwa kisajiliwe kwenye mfumo wa zabuni wa NeST. Vijana wengi hawaulizi kabisa kuhusu hili.

Ila usichanganye na mambo ya serikali kuu. Boti na vizimba vya samaki ambavyo Rais Samia alizindua hapa Mwanza Januari 2024 havikutoka kwenye asilimia 10 ya Jiji. Ukienda kuviulizia kwa afisa wa kata utaambiwa si kwake, na atakuwa sahihi.

MWISHO

Nina maneno mawili. La kwanza ni kwetu vijana: anzeni kikundi kwa sababu ya kazi, siyo kwa sababu ya mkopo. Wekeni hata elfu mbili kwa wiki, mkae kikao, mjue nani anaweka muhuri. Mkopo ukichelewa mwaka mzima kikundi kiwe bado kipo.

La pili ni kwa wakubwa: bandikeni ubaoni pale kata majina ya vikundi vilivyopata, kiasi, na vilivyorejesha. Vikundi hewa vinaishi gizani. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nasi twende tukasikilize bajeti yetu inavyopitishwa badala ya kusubiri picha za hundi.

Sisi watatu tuliobaki tumepata wengine wawili, na mmoja ni dada fundi rangi. Tumefika watano. NIDA ya mmoja bado, tunaisubiri. Mashine bado tunakodi.

Wadau mliowahi kupata au kunyimwa, mwageni uzoefu wenu hapo chini, wa Ilemela na Sengerema pia. Nikikosea mahali nisahihisheni. Nawakilisha.