Hatukuacha Mpira, Tulipelekwa Bodo

Fanya hesabu hii kabla hujaendelea kusoma. Ile timu ya mtaa wenu mkiwa darasa la sita, wale kumi na moja wa kuanza pamoja na wale wa benchi, leo wangapi bado wanacheza? Sisemi kutazama EPL kwa kibanda. Sisemi kubeti. Kucheza. Mimi nimehesabu ya kwetu hapa Machakos. Tulikuwa kumi na sita. Leo anacheza mmoja.

Ukiuliza wazee mbona vijana wanaacha mpira, jibu liko tayari mdomoni: ni simu, ni TikTok, ni PlayStation, ni hii Gen Z yenu ya uvivu. Sawa, simu zinakula muda, siwezi kubisha. Lakini mabigi wa mtaa wetu, waliotutangulia kwa miaka kumi, waliacha wakiwa na umri ule ule tulioacha sisi, na wao walikuwa na mulika mwizi tu, ile simu ya tochi na mchezo wa nyoka. Kwa hivyo simu haiwezi kuwa ndiyo ilianzisha.

Kitu nimegundua nikihesabu ni hiki: karibu wote tuliacha mwezi mmoja. Januari. Ile Januari ya kuingia kidato cha kwanza.

Ili uelewe, lazima turudi nyuma kidogo. Mpira wa miguu uliletwa Kenya na Waingereza, kupitia wanajeshi, watu wa reli, wamisheni na walimu. Kufikia 1926 Kenya na Uganda zilikuwa tayari zinapigania Gossage Cup, kombe lililopewa jina la mtengenezaji wa sabuni. Hilo ndilo kombe lililokuja kuzaa CECAFA tunayoijua. Na hapa Machakos, mji ambao ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijakuwa kitu, serikali ya mkoloni ilifungua shule mwaka 1915, ile tunaita Machakos Boys mpaka leo.

Katika mfumo wa Waingereza, michezo na shule vilienda pamoja. Mpira ulikuwa sehemu ya nidhamu, kama gwaride na kengele ya saa kumi na moja asubuhi. Uwanja ni wa shule, mpira ni wa shule, filimbi iko na mwalimu. Uhuru ulikuja 1963, bendera ikabadilika, lakini filimbi ilibaki kwa mwalimu. Mtoto wa Kenya akitaka kucheza mpira wenye refa, jezi na ratiba, mlango mkubwa umekuwa ni mmoja: shule. Na ukishafanya hivyo, mpira wa mtoto unafuata kalenda ya shule. Shule ikifunga mlango, mpira pia unafungwa.

Halafu 1985 ikaja 8-4-4 na KCPE yake. PE ilikuwa kwenye ratiba lakini haikuwa kwenye mtihani, na wewe unajua vile ilienda. Kwa ukuta wa darasa imeandikwa PE, ubaoni kuna sehemu na asilimia. Ukifika darasa la nane ndio kabisa: michezo ni ya wadogo, nyinyi ni watahiniwa. Una miaka kumi na tatu au kumi na nne, mguu ndio unaanza kupata nguvu, na ndio mwaka unaambiwa ukae chini.

Mimi nilikuwa darasa la nane mwaka 2017. Mwaka huo uliniachia mambo mawili sijasahau.

La kwanza ni juala. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Ni sheria nzuri, mitaro ya mji wetu ilikuwa imeziba. Lakini mpira wa kwanza wa kila mtoto Kenya ulikuwa ni ile mifuko, ukiifinya pamoja na matambara na kuifunga na kamba ya katani. Juala haikuuzwa na haikuombwa kwa mwalimu. Ulikuwa mpira pekee ambao mtoto alijitengenezea. Sisemi turudishe plastiki. Nasema hakuna mtu aliyefikiria kuuliza, sasa watoto watapiga nini?

La pili ni fainali. Desemba 17, 2017, CECAFA Senior Challenge Cup iliishia hapa kwetu, Kenyatta Stadium: Kenya dhidi ya Zanzibar. Mbili kwa mbili, mpaka penalti, na Patrick Matasi akawa ukuta. Kenya ikashinda 3-2 kwa matuta. Mji ulipasuka kwa kelele. Sisi wa mtaa tuliapa usiku ule kwamba tutafika pale ndani siku moja, na tulikuwa tunamaanisha.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nimebeba sanduku la bati, godoro na ndoo, naenda shule ya bweni kaunti nyingine. Wenzangu wengine kumi pia, kila mmoja shule yake. Waliobaki Machakos walikuwa watano, na watano hawafanyi timu. Hakuna mkutano ulioitwa kuivunja. Ilikufa tu, vile timu za mtaa hufa kila Januari nchi nzima bila mtu kutangaza matanga.

Sasa ingia nami bodo tupige hesabu. Shule yetu ilikuwa na wavulana zaidi ya elfu moja. Mwaka ule ndio serikali ilianza kusukuma kila mtahiniwa wa KCPE aingie sekondari, kwa hivyo tulijazana. Timu ya shule inahitaji watu ishirini hivi, na wengi wao ni wa kidato cha tatu na cha nne walioshaota ndevu. Mono wa miaka kumi na minne hapo anaokota mipira. Kisha kuna kalenda. Katika michezo ya sekondari soka huchezwa muhula wa pili, kwa mtoano: kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa. Timu ikitolewa mapema kwenye kaunti ndogo, msimu umeisha mpaka mwaka ujao. Fikiria mtu amefanya mazoezi miezi mingi, akacheza dakika tisini, akaambiwa tutaonana mwakani. Na huyo ndiye mwenye bahati aliyechaguliwa kati ya elfu moja.

Mashindano ya makampuni nayo? Chapa Dimba ya Safaricom imetoa vipaji na ninaipenda, lakini ilitengenezwa kwa vijana wa miaka 16 hadi 20. Ukiangalia vizuri, kuna shimo la miaka mitatu hivi kati ya mpira wa shule ya msingi na mpira wa vijana. Ndani ya shimo hilo ndimo tuliingia wengi wetu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kila harusi, kila matanga, lazima mjomba mmoja aniulize, "Kwani uliacha kwa nini?" Sawa, ana haki. Lakini hakuna hata siku moja mtu mzima ameniuliza kwa nini niliacha mpira. Kwao mpira ni kitu mtoto huacha, kama kunyonya kidole.

Sasa, je, kuna mahali Kenya walifanya tofauti? Kuna. Na si mbali, ni kama saa moja na nusu na matatu kama Mlolongo hakuna jam.

Mwaka 1987 mtu mmoja wa Canada anaitwa Bob Munro alikutana na watoto wa Mathare wakicheza katikati ya takataka. Makubaliano yakawa hivi: tutawasaidia kuwa na ligi, na nyinyi msafishe mtaa. Ndio ikaanza MYSA, Mathare Youth Sports Association. Timu ilikuwa inapata pointi kwa kushinda mechi, na pia inapata pointi kwa kusafisha mitaro. Soma tena hapo. Unaweza kufungwa Jumamosi na bado upande kwenye msimamo wa ligi kwa sababu mlibeba koleo na wilibaro. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa kupitia UNEP uliwapa tuzo ya Global 500 kwa kazi hiyo.

Lakini takataka si ndio siri yenyewe. Siri ni kwamba ligi ilikuwa ya mtaa, si ya shule. Shule ikifunga, ligi iko. Ukikosa karo ukarudi nyumbani, ligi iko. Na waliokuwa wanaiendesha ni vijana wenyewe: refa ni kijana, kocha ni kijana, wa kupanga ratiba ni kijana. Ukijitolea hivyo unakusanya pointi zako binafsi, na wenye pointi nyingi wanapata tuzo ya uongozi inayolipa karo. Kwa hivyo yule ambaye mguu wake ni wa kawaida hakuwa na sababu ya kutoka. Alikuwa na kazi. MYSA ikakua mpaka zaidi ya vijana 20,000, ikazaa Mathare United mwaka 1994, na Mathare United ikachukua ligi kuu ya Kenya 2008. Wengi hukumbuka lile kombe. Mimi nakumbuka wale maelfu ambao hawakufika ligi kuu na bado walibaki uwanjani na filimbi.

Mwaka 1987 huo huo, mbali kabisa, Norway iliandika kanuni za haki za watoto katika michezo. Nia ni moja: mtoto aendelee kucheza. Leo kanuni hizo zinasema, kwa mfano, misimamo ya ligi na orodha za matokeo zisianze kabla ya mwaka mtoto anapofikisha miaka 11. Erling Haaland amekulia humo, katika klabu ya mji mdogo unaoitwa Bryne, na kikundi cha watoto wa mtaa wake, wakali na wa kawaida pamoja. Na vijana wa MYSA wamekuwa wakienda Norway Cup kule Oslo tangu 1990. Kwa hivyo hii si habari ya wazungu pekee. Mathare na Oslo zimejuana miaka mingi. Machakos ndio tumekaa katikati ya barabara tukitazama magari.

Na wasichana? Kwao mlango hufungwa hata kabla ya Januari. MYSA ilianza ligi ya wasichana 1992, miaka mitano baada ya wavulana. Hapa kwetu Ukambani jioni ndio saa ya mpira, na ndio saa ya kuteka maji na kuweka muthokoi jikoni. Dada anaitwa, kaka anaachwa amalize mechi. Halafu kuna swali la pedi, na swali la nani anamsindikiza giza likiingia. Bado timu ya kwanza ya Kenya kuwahi kucheza Kombe la Dunia la soka ni ya wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, na waliifunga Mexico 2-1. Wavulana hatujafika huko mpaka leo. Sasa piga picha wangekuwa wangapi kama nusu yao hawangeitwa jikoni.

Nikuambie kwa nini naandika haya sasa. Kalenda imebadilika na watu hawajaona. Chini ya CBC, tangu 2023 wanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa wanasomea kwenye shule zao za msingi. Kundi la kwanza liliingia gredi ya kumi Januari 2026. Maana yake, mtoto wa miaka kumi na minne ambaye zamani angekuwa bodo, leo wengi wako nyumbani. Wako hapa Miwani, Katoloni, Mumbuni, Mutituni. Lile shimo la miaka mitatu sasa liko mtaani kwetu, mbele ya macho yetu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, timu ya mtaa inaweza kuishi kupita Januari.

Ikikosa ligi, watoto hawa watakaa kwa ngazi za duka, na wazee watasema tena ni TikTok.

Katiba ya 2010 iliweka michezo na viwanja vyake chini ya kaunti. Tuna Kenyatta Stadium yenye nyasi safi, na ni fahari. Lakini mtoto wa gredi ya nane hahitaji stadium. Anahitaji kiwanja cha shule ya msingi kifunguliwe Jumamosi, refa asiyechelewa, na mechi kumi kwa mwaka badala ya moja. Wale wa bodo wanahitaji ligi ya Aprili, Agosti na Desemba, kwa sababu likizo wanarudi mtaani na jezi zao za zamani. Hiyo haihitaji wafadhili kutoka Ulaya. MCA mmoja, mwalimu mkuu mmoja mwenye ufunguo wa geti, na sisi tulioacha.

Kwa upande wangu, mimi na wenzangu watatu wa ile timu ya kumi na sita tumepata kiwanja, tumepata filimbi, na tuna timu sita za gredi ya saba hadi ya tisa, mbili za wasichana. Wasichana wanacheza saa tatu asubuhi ili jioni isiwe kisingizio. Kila timu inachagua refa wake wa kuchezesha mechi za wengine. Tuna mipira miwili, mmoja unatoa hewa.

Kama uko Machakos na una mpira umekaa chini ya kitanda tangu uingie kidato cha kwanza, ulete Jumamosi. Na kama una pampu, beba pia.