Saksafoni Iliyofika Naitiri Bila Mpulizaji

Mwombe mzee wa Naitiri aliyekuwa kijana miaka ya sabini akutajie wapiga gita wa rumba. Atakupa majina hadi uchoke. Muulize nani alikuwa akipuliza saksafoni katika nyimbo hizohizo, atakuna kichwa. Sauti anaikumbuka, pengine ataiiga kwa mdomo mwanzo hadi mwisho, lakini jina hana.

Simlaumu. Huku Bungoma saksafoni ilikuja kwa redio na santuri, haikuja na mtu. Ala za nyumbani zilikuwa litungu na siilili yenye uzi mmoja. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921 na kuota mizizi katika magharibi ya nchi, lilileta bendi za shaba, ila bendi hizo kwa desturi ni za kornet na tuba; saksafoni haimo. Matarumbeta ya Jumapili mtoto aliyaona kwa macho. Saksafoni aliijua kwa masikio tu.

Na ilitoka mbali. Mbelgiji Adolphe Sax aliipatia hataza mjini Paris mwaka 1846, akilenga hasa bendi za jeshi. Wakongo wakaipa kazi nyingine. Bendi ya OK Jazz ilipozaliwa Leopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1956, Jean-Serge Essous alikuwamo na klarineti na saksafoni yake. Mwaka 1959 akawa mmoja wa waasisi wa Bantous de la Capitale ng'ambo ya mto, Brazzaville. Isaac Musekiwa naye alitoka Rhodesia ya Kusini akaja kupulizia OK Jazz. Wote mafundi, tena wa upole.

Mwaka 1963 akaingia Georges Kiamuangana Mateta, yaani Verckys, na upole ukaisha. Magita yanapozunguka palepale, yeye huingia na sauti nene yenye mikwaruzo ya soul ya Marekani, anashika kijisehemu kifupi, anakirudia, anakirudia tena, na unapodhani umekizoea anakipindua. Kwangu mimi hakuna aliyempita katika rumba, hata Manu Dibango, ambaye dunia ilimjua zaidi. Verckys alijitoa OK Jazz mwaka 1969, akaunda Orchestre Vévé, na akafariki mwaka 2022.

Ladha hiyo ilisogea karibu nasi mwanamuziki Mkongo Baba Gaston alipohamia Nairobi na bendi yake mwaka 1975. Mwaka uliofuata baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaunda Les Mangelepa, bendi ambayo tarumbeta na saksafoni zake huwezi kuzichanganya na za nyingine. Santuri ndogo za wakati ule zilikuwa fupi, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, na mara nyingi ala zikaachiwa upande wa pili. Aliyekuwa mvivu wa kunyanyua sindano na kugeuza sahani aliikosa saksafoni.

Kampala, ukipita mpaka wa Malaba, Afrigo Band ilianza mwaka huohuo wa 1975, na kiongozi wake Moses Matovu ni mwimbaji na mpuliza saksafoni. Huyu angalau tulikuwa naye jirani.

Kilichoiondoa saksafoni kilianzia Kinshasa. Zaiko Langa Langa, bendi ya vijana iliyoundwa mwaka 1969, ilipanga muziki wake bila ala za kupuliza kabisa, na waliofuata wakaiga. Kisha vikaja vinanda vya umeme. Mwenye bendi akapiga hesabu: watu watatu wanne wa kulipwa, au kinanda kimoja? Leo harusini Naitiri utasikia "saksafoni" ikitoka kwenye kinanda. Haipumui, haikwami, haina mate. Hiyo si saksafoni.

Kama kwenu kuna santuri za Mangelepa zimelala kabatini, zitoeni vumbi, na tafadhali msiishie upande wa kwanza.