Filamu Darasani katika Sheria ya Marekani
Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978, iliwaruhusu wahadhiri wa vyuo visivyo vya kibiashara kuonyesha filamu nzima bila idhini ya mwenye hakimiliki, yaani mtunzi au kampuni inayomiliki kazi hiyo, mradi mwalimu na wanafunzi wawe pamoja darasani na nakala iwe halali. Diski za DVD zilileta kizungumkuti, kwani sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli lao la kidijitali, hata kwa mhadhiri aliyetaka kuunganisha vipande viwili ili avilinganishe. Ajabu ni kwamba maprofesa wa filamu hawakuruhusiwa kufanya hivyo hadi mwaka 2006. Masomo ya mbali yalikuwa yamefunguliwa mlango mwaka 2002, lakini kwa vipande vya kiasi, si filamu nzima.