Mabao Kumi na Manane

Olimpiki ikitajwa mbele ya wazee wa rika langu, hakosekani mmoja wa kukumbusha yale mabao kumi na manane. Ni mabao ambayo India iliifunga timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo mjini Moscow, Julai 1980, nasi hatukupata hata moja. Hutajwa kwa kicheko, na mara nyingi anayecheka hajui jambo jingine lolote juu ya timu ile. Mimi ni mpenzi wake tangu siku hizo, na leo nataka kuitetea.

Kwanza tuulize ilifikaje huko. Desemba 1979 majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan. Rais Carter wa Marekani akataka mataifa yaisusie michezo ya Moscow, na Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali aje Dar es Salaam kutushawishi. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Ali aliulizwa mbona Marekani haikutuunga mkono mwaka 1976, tuliposusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Ikaonekana waliomtuma hawakumpa habari hiyo. Basi sisi tukaenda. Wababe wa magongo kama Pakistan, Ujerumani Magharibi, Uholanzi na Australia hawakwenda, wala jirani zetu wa Kenya. Zikabaki timu sita tu, na ya sita ilikuwa yetu.

Wapinzani husema, "Si mnaona? Waliokotwa tu." Nafasi ilipatikana kwa njia hiyo, sikatai. Lakini aliyeitwa karamuni kwa kuwa wengine wamekataa hakuiba chakula cha mtu.

Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa na hoja nzito zaidi. Nchi, alisema, imetoka juzi tu vitani Uganda, sabuni haipatikani, sukari ni ya foleni, nanyi mnashangilia watu waliopelekwa Urusi kupiga mpira kwa fimbo! Hoja ile iliniuma, maana foleni zile nilizipanga mwenyewe. Hata hivyo, katika michezo ile ile Filbert Bayi alileta medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta ya fedha ya mita 5,000. Hadi leo hatujapata nyingine za Olimpiki. Sikumsikia yule mwenzangu akiuliza bei ya sabuni siku tulipowashangilia hao wawili.

Sasa tuje kwenye mabao yenyewe. Bara hatukuwa na televisheni, kwa hiyo wengi walipata namba tu, na namba haielezi uwanja. Moscow walicheza juu ya majani ya bandia, kama ilivyokuwa Montreal mwaka 1976. Mimi niliyejifunza magongo katika chuo cha ualimu, uwanja ukiwa nusu majani na nusu vumbi, najua mpira unavyopungua mwendo ukigusa majani, na unavyodunda ovyo ukipiga kisiki. Juu ya zulia lile hauna kizuizi. Unakuja moja kwa moja, upesi, na mkono uliozoea kungoja unachelewa. Na India ilikuwa imeshatwaa dhahabu ya Olimpiki mara saba kabla ya hapo. Kule Moscow ikatwaa ya nane, kwa kuifunga Hispania 4-3.

Cuba nayo ilifungwa 13-0 na India hiyo hiyo, lakini sijasikia kama wazee wa Havana wanaendelea kuchekana. Tena mwaka 1932, Los Angeles, timu za magongo zilikuwa tatu tu. Marekani ilifungwa 24-1 na India, ikafungwa 9-2 na Japani, kisha ikavishwa medali ya shaba! Medali hiyo ingali katika hesabu yao mpaka leo.

Wengine hunitajia wanawake wa Zimbabwe, walioalikwa dakika za mwisho vile vile, nao wakarudi na dhahabu. Nawavulia kofia. Ila katika mashindano yao hakukuwa na timu ya kiwango cha India ile ya wanaume, na mchezo wenyewe kwao ulikuwa wa shule na vilabu vyenye viwanja vizuri. Kwetu watu waliojua kushika gongo walikuwa wachache.

Nadhani uchache huo ndio kiini cha kicheko chenyewe. Wanasema, kwa sauti ya chini, kwamba ule ulikuwa mchezo wa Wahindi. Katika orodha ya timu yalikuwamo majina ya Mendes, Furtado, Virdee, Sykes na Rajabu: Wagoa, Masingasinga, Waislamu na Wakristo, wa asili ya Asia na ya Afrika, wote ndani ya jezi moja ya Tanzania. Kama wangeshinda, sidhani kama kuna mtu angeyapekua majina yao.

Tena hawakukata tamaa. Baada ya kipigo cha India walifungwa 12-0 na Hispania na 9-1 na Poland. Urusi, iliyochukua shaba, iliwafunga 11-2, lakini hayo mawili yalikuwa yetu. Cuba iliwafunga 4-0 mara ya kwanza, na walipokutana tena kugombea nafasi ya tano ikawa 4-1. Tangu hapo Tanzania haijapeleka Olimpiki timu ya mpira wa aina yoyote, kwa hiyo lile bao moja dhidi ya Cuba ndilo la mwisho tulilofunga huko.