Papa Aliyeshuka Kitini

Mwaka 1294 makadinali walimchagua Pietro da Morrone, mkaapweke mzee wa milima ya Italia, awe Papa. Akaitwa Selestini wa Tano. Alikuwa mcha Mungu, lakini mambo ya utawala yalimshinda, na baada ya miezi mitano akajiuzulu kwa hiari yake. Mrithi wake, Bonifasi wa Nane, alichelea wapinzani wasije wakamtumia mzee huyo kuligawa Kanisa. Akamfungia katika ngome ya Fumone, na humo akafa mwaka 1296. Ikapita miaka zaidi ya mia saba. Mwaka 2013 Benedikto wa Kumi na Sita alijiuzulu kwa udhaifu wa uzee, akakaa Vatikani kwa amani hadi alipofariki mwaka 2022. Cheo ni amana: airudishaye asipoweza tena kuilinda hastahili kifungo, bali heshima.