Nakuru kwa miguu: tuanze na jiwe, si na reli

Mtu wa pwani akisikia "matembezi ya mji wa kale", akili humwenda Fort Jesus, Ndia Kuu au Lamu. Nakuru haimjii. Mji huu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Disemba 2021, wa nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na hauna vichochoro wala milango ya nakshi. Hata hivyo, aliyefikia kwa jamaa zake Kiamunyi, mtaa ulio kando ya barabara ya Eldama Ravine, ana mengi ya kuzunguka kwa siku mbili, mradi apate mwongozaji mzuri.

Hadithi ya Nakuru kwa kawaida huanzia kwenye reli. Nashauri uanzie Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kilomita 4 hivi kutoka katikati ya jiji upande wa barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, kilima kikatangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1943, na nyumba ya shamba iliyokuwapo ikafanywa makavazi mwaka 1965. Mwongozaji atakuonyesha makaburi ya kale na mashimo ya Sirikwa, yaliyokuwa mazizi ya wafugaji. Kisha atakuonyesha bao lililochongwa juu ya mwamba, safu za vishimo kama zile tunazochezea barazani. Mpwani akifika hapo hujisikia yuko kwao.

Kutoka hapo panda matatu uingie mjini, na sasa tembea kwa miguu. Stesheni ya reli ndiyo kituo cha kwanza. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nakuru mwaka 1900. Walioijenga ni vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 walifia kazini. Kutoka stesheni fuata Kenyatta Avenue, upumzike Nyayo Gardens, bustani ambayo ndiyo uwanja wa mji, kisha uteremke hadi Bondeni, mmoja wa mitaa mikongwe ya Waafrika hapa. Jina hilo ni la Kiswahili, na Mombasa tunayo Bondeni yetu.

Siku ya pili ni ya gari. Kasri la Lord Egerton, upande wa Njoro, lilijengwa kuanzia 1938 hadi 1954, vyumba 52 kwa bwana mmoja asiye na mke. Leo liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton. Malizia Menengai, mlima ulio mgongoni mwa Kiamunyi, wenye kreta ya upana wa kilomita 12 hivi. Usishuke ndani peke yako.

Kwa nini nasisitiza mpangilio huu? Ukianza na reli, utaondoka ukiamini kwamba mji uliletwa na Mwingereza na wengine wote ni wapita njia. Ukianza na kilima, utajua watu walifuga, walizika wafu wao na walicheza bao hapa kabla ya kasri kuwekewa jiwe la kwanza.

Sisi wa Mji wa Kale tunaijua adha hii. Umeketi barazani kwako, mwongozaji anapita na wageni, anasimulia nyumba ya babu yako, wala hakukuuliza hata siku moja. Basi tusiwafanyie watu wa Nakuru vivyo hivyo. Ukifika Bondeni, toa salamu kwanza, piga picha baadaye. Mwambie mwongozaji akukutanishe na mzee wa mtaa, umuulize nani alijenga, nani alihamishwa, na wazee wake walifikaje pale.

Kuta za kasri zitadumu, na mwamba wa bao utadumu. Anayejua habari za nyumba za Bondeni ni binadamu, na siku zake zinahesabika. Enda ukamsikilize angali hai, na ukiwa na simu, mwombe idhini umrekodi.